Hakulia

Lava ya Nyiragongo ya tarehe 17 Januari 2002 ilimeza nyumba yetu katikati ya Goma, tukaenda kupanga mtaa wa Keshero, sote kwa baba mdogo. Nyuma ya kiwanja kulikuwa na bonde dogo la makoro, yale mawe ya lava, limeota mabingobingo. Hakuna aliyetuambia lolote kulihusu, nasi hatukuuliza.

Siku moja baba mdogo aliamka kabla ya alfajiri kumtafuta mbuzi aliyekata kamba jioni yake. Wauza makaa walimkuta saa nne, amelala chali bondeni, hana hata mkwaruzo. Mtu mwenye afya yake, afe hivyo? Wengine wakataja karuho, sumu ya kutegewa na mtu. Shangazi akasema karuho inaua polepole, hii ni chakula cha usiku. Na chakula cha usiku alipika nani?

Basi matanga yote yakawa kumtazama mama mdogo. Mjane kwetu anatarajiwa aanguke chini, apige mayowe, ashikwe na watu wawili. Yeye alifagia ua. Alihesabu sahani za kuazima, akaziwekea doa la rangi ya kucha kila moja, zisichanganyike. Mimi nilikuwa na miaka 17, na nilimwona akicheka: mwanawe wa miaka miwili alivaa boti za baba yake, akapiga hatua tatu, akakaa kitako. Kicheko kifupi, mkono mdomoni. Nikakimbia kumwambia shangazi.

Jioni hiyo mama mdogo akapelekwa kasho, mahabusu. Aliyeandika maelezo aliniuliza swali moja tu: "Alilia?" Nikasema hapana. Akaandika hapana, akapiga mstari chini yake kwa rula. Ile rula naikumbuka kuliko uso wake.

Mimi nililia, jamani. Nililia mpaka wakanimwagia maji, na kila mama akanisifu kwamba nilimpenda baba mdogo.

Siku ya tatu akarudi jirani mmoja, mzee, kutoka Minova. Habari za machozi hakuzitaka. "Mulimukuta wapi?" Kesho yake alfajiri, kabla ya upepo wa ziwa, alifunga gazeti kwenye ufito mrefu, akaliwasha, akalishusha bondeni. Moto ukazimika kama umebanwa na vidole. Akarudia. Ukazimika tena, palepale, kimo cha kiuno.

"Mazuku," akasema.

Ni hewa ya ukaa inayotoka ardhini. Haina rangi, ni nzito kuliko hewa tunayovuta, kwa hiyo usiku inajaa mabondeni kama maji, na jua na upepo vikija inatawanyika. Ndiyo maana waliombeba baba mdogo saa nne hawakudhurika. Jua lilipopanda tuliingia, tukamkuta mbuzi ndani ya mabingobingo, kipande cha kamba bado shingoni.

Mama mdogo alikuwa amelala sementini usiku tatu. Alipoachiwa, shangazi alimpigia magoti; mama mdogo akamwinua, akapita. Mimi nikampelekea maji ya kuoga nyuma ya nyumba. Akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Ile mbuzi, ile jioni, si baba yako mudogo alikutuma wewe uende kuitafuta?"

"Ndiyo, mama." Nilikuwa nimekwenda kutazama mpira.

"Hakuna mwenye aliniuliza."

Akanipa mtoto nimshike, akachukua ndoo.