Tangi la Vioo, Nyumba ya Katonga

Mwenye nyumba alikwisha kuamua kabla hatujalishusha tangi kwenye gari: likae chini ya dirisha kubwa la sebuleni, ili mgeni akiketi aone samaki, na nyuma yao ziwa. Ilikuwa Julai, kiangazi kimekolea. Tukamwambia, "Mzee wetu, tusubiri jua la jioni kwanza." Akaguna, akaagiza chai.

Dirisha lile lilitazama magharibi. Kigoma jua huchwa karibu na saa moja, hivyo dirisha la upande huo hupigwa na jua kuanzia alasiri mpaka adhana ya magharibi. Ilipofika saa kumi, mwanga ulikuwa umeingia hatua mbili ndani ya sebule. Tangi likikaa hapo, kioo kinajaa mwani, maji yanapata moto mchana na kupoa usiku. Maji ya juu ya Ziwa Tanganyika hukaa kwenye nyuzi 24 hadi 27 hivi, wala hayapandi na kushuka ovyo kwa siku moja, na samaki wa kwenye mawe wamezoea utulivu huo. Mwenye nyumba akapendekeza dirisha la kaskazini. Nalo tulilikataa: Juni na Julai jua la huku hupita upande wa kaskazini, Desemba likahamia kusini. Anayepima dirisha msimu mmoja tu anajidanganya.

Zikabaki kuta mbili za ndani. Wa kwanza ulipakana na jiko, na mlango wake haukuwa ukifungwa. Pampu ya hewa hunyonya hewa ya chumbani na kuisukuma majini pamoja na kila kilichomo: moshi wa mkaa, mvuke wa mawese, na kibaya kuliko vyote, dawa ya mbu ya kupuliza. Dawa hiyo huua samaki kwa kiasi ambacho pua ya mtu haikihisi. Ukuta huo tukauacha.

Ukuta wa pili, wa upande wa korido, ndio uliotuchukua muda. Tangi lilikuwa na urefu wa sentimita 120, upana 50, kimo 50, yaani lita 300, na lita moja ya maji ni kilo moja. Kioo cha milimita 10 peke yake kilikuwa kama kilo 57. Ongeza mawe na mchanga kilo 60, ongeza meza ya mninga, unavuka kilo 450. Tukaigonga sakafu kwa mpini wa nyundo, shubiri kwa shubiri. Karibu na mlango ililia kitupu: kifusi kilikuwa kimetitia chini ya saruji. Tukasogea kushoto mpaka mlio ukawa mzito. Chini ya meza hatukuweka miguu minne mitupu, kwa sababu kila mguu ungebeba zaidi ya kilo 100 mahali padogo kuliko kiganja. Tulilaza mbao za mbili kwa nne, urefu wote wa meza, zilizopakwa dawa ya mchwa na kukauka kabisa.

Pimamaji ikaonyesha upande mmoja umeshuka milimita 4. Kabari huwekwa chini ya meza, kamwe si kati ya meza na kioo, maana kioo kinachoegemea sehemu moja hupasuka. Juu ya meza tulitandika sponji ngumu ya milimita 10, imeze vichembe vya mchanga. Tukajaza theluthi moja ya maji, tukapima kwa futi kutoka usawa wa maji hadi ukingo kwenye pembe zote nne. Maji hayapendelei pembe yoyote. Pimamaji ya bei rahisi hupendelea.

Kutoka ukutani tuliacha sentimita 15, nafasi ya mkono na mipira. Waya wa pampu tuliuning'iniza ukashuka chini ya soketi kabla ya kupanda kuingia humo, ili tone likiteleza lidondokee sakafuni. Mlango wa baraza ulikuwa mita 6 kutoka hapo, na bustani iko chini ya sakafu, kwa hiyo mpira wa mita 8 ungetoa robo ya maji kila wiki bila kubeba ndoo. Hilo watu hulisahau, kisha wakichoka kubeba, maji hayabadilishwi.

Spika kubwa ya kijana wa nyumba ilikuwa kwenye ukuta uleule. Mtikisiko wake huwafanya samaki wajibanze na kuacha kula. Ikahamishiwa chumbani kwake, naye akatununia mpaka tunaondoka.

Samaki hawakuingia siku ile. Mawe yalikalishwa moja kwa moja juu ya sakafu ya tangi, mchanga ukafuata, kwa kuwa wapo samaki wachimbaji ambao wangefukua chini ya jiwe na kuliangusha. Chujio likaachwa lifanye kazi wiki kadhaa, hadi bakteria wanaomeng'enya amonia, sumu itokanayo na uchafu wa samaki, wazaliane. Ndipo mwenye nyumba akaruhusiwa kuleta Julidochromis wake, samaki wadogo wa kwenye mawe ya ziwa.