Siku yangu moja: mkutubi "anayechezea simu"

Mimi ni mkutubi msaidizi katika chuo kimoja hapa Morogoro. Uongozi ulipokubali maktaba iwe na kurasa zake mtandaoni, kazi ilinidondokea mimi kwa sababu moja tu: simu yangu ina kamera nzuri. Bando nalo ni langu.

Saa 1:30 asubuhi. Nafungua madirisha, nawasha kompyuta za kaunta, narudisha rafuni vitabu vilivyolala mezani. Mpaka saa 3 ni kuazimisha, kupokea na kugonga mihuri.

Saa 3:15. Nataka kufungua Instagram, naambiwa jina la maktaba yetu lina mwenyewe. Kuangalia, mwenyewe ni sisi. Miaka ya nyuma kijana wa fildi alifungua ukurasa, akaposti picha mbili na tangazo la kufunga mapema, fildi ikaisha, akaondoka na nywila. Nikibonyeza kwamba nimeisahau, namba ya uthibitisho inakwenda kwenye simu yake. Nampigia, hapatikani. Nazungukia kwa aliyesoma naye. Hatimaye anapokea akiwa ndani ya daladala, ananitajia tarakimu sita huku konda akiita vituo. Nakosea moja. Tunaomba nyingine, hiyo inaisha muda wakati anatafuta chenji. Ya tatu ndiyo inakubali. Kabla ya kuposti chochote nabadilisha namba na barua pepe ziwe za ofisi, naandika kila kitu kwenye daftari la makabidhiano, lile lile la funguo. Wenzangu wanacheka. Wacheke tu.

Saa 5. Napiga picha ukumbi wa kusomea, migongo peke yake. Sura ya mtu ni taarifa yake, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 haijali kwamba picha imependeza. Mhadhiri mmoja anapita: "Madam, leo umeamua kuchati tu?" Natabasamu. Shikamoo yake namwamkia vilevile.

Saa 6 na kitu. WhatsApp ya maktaba inalia.

"Admin mambo, mna kitabu cha mbinu za utafiti?"

Najibu kipo, namba 001.42, nakala tano.

"Hiyo 001.42 ndo bei?"

Namweleza ni namba ya rafu. Anauliza rafu ndiyo wapi. Namwelekeza: ukiingia, kushoto, rafu ya kwanza kabisa. Kimya. Nahudumia watu wanne kaunta, wawili wanabishia faini. Simu tena: "Admin nitumie tu PDF." Namwambia hatuskani kitabu kizima tukakisambaza, kuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, ila aje asome bure. Ananitumia sauti ya dakika mbili: yuko mbali, jua kali, pendekezo la utafiti linatakiwa kesho, sisi wa maktaba hatuna huruma. Na ndani ya hiyo sauti nasikia mlango wetu. Ule unaolia kama mbuzi kila ukifunguliwa, fundi ameahidi tangu masika. Nanyanyua macho. Kijana mwenye kofia, meza ya dirishani, chaja yake kwenye soketi yetu.

Nikamwendea. "Shikamoo madam," akasema, simu akaificha chini ya daftari.

Nikampeleka rafuni mwenyewe. Njiani nikagundua hata wanaofika rafuni wanapotea, kwa sababu wanadhani 658.3 inatangulia 658.15, maana 3 ni ndogo kuliko 15. Kumbe baada ya nukta unasoma tarakimu moja moja: 1 kwanza, ndipo 3. Vitabu vya fedha, ndiyo hiyo 658.15, viko hapo hapo, mtu anarudi kaunta kusema havipo. Nikamwomba anishikie simu, tukarekodi kidole changu kikitembea kwenye migongo ya vitabu. Tulirudia mara nyingi. Mara feni, mara mlango, mara mtu anapiga chafya. Umeme ukakatika, tukasogea dirishani. Chakula cha mchana sikumbuki kama nilikula. Miguu ilikuwa imevimba.

Jioni, wakati wa kufunga, kijana akaja kuazima. Kwenye karatasi ya tarehe, muhuri wa mwisho ulikuwa wa 2017. Nikagonga wa leo chini yake, kwa nguvu kidogo kuliko kawaida. Nikapiga picha ile mihuri miwili, bila jina la mtu, nikaiposti pamoja na video.

Saa 3 usiku nipo jikoni nageuza chapati, simu inaita. Waliotazama ni 41. Maoni ni moja:

"Admin, hicho cha mihuri kina PDF?"