Kocha Asiyepuliza Filimbi

Katika sura ya 23 ya Injili ya Mathayo, Bwana anawaonya wanafunzi wake wasipende kuitwa Rabi, kwa kuwa mwalimu wao ni mmoja nao wote ni ndugu. Juma hili nimelitafakari neno hilo nikimkumbuka John Gagliardi, kocha wa futiboli ya Kimarekani, mchezo ambao wachezaji huvaa kofia ngumu na kugongana kwa nguvu, na ambao makocha wake wengi wanajulikana kwa kufoka.

Alianza kufundisha mwaka 1943, akiwa na miaka 16, huko Trinidad, mji wa jimbo la Colorado, Marekani, pale kocha wa shule yao alipochukuliwa jeshini na wavulana wakabaki bila mtu. Kocha huyo aliwakataza kunywa maji wakati wa mazoezi, akiamini yangewadhuru. John akawaruhusu wanywe. Mengine yaliyokuwa yakiwatesa akayaondoa pia, moja baada ya jingine, na sioni angefanyaje vinginevyo, maana hakuwa na umri wala cheo cha kuwatisha wenzake wa darasani.

Ajabu ni kwamba alipovipata vyote viwili hakubadilika. Tangu 1953 hadi 2012 aliifundisha timu ya Saint John's, Collegeville, Minnesota, chuo kidogo cha wamonaki Wabenediktini, ambacho hakimpi mwanafunzi ufadhili wa masomo kwa sababu ya michezo. Mazoezini hapakuwa na filimbi, wala wachezaji hawakuangushana, na kijana wa miaka 18 alimwita John tu, bila kumtajia ukocha. (Sisi tunaonuna tusipoitwa Mheshimiwa hata kwenye kikao cha jumuiya tumsikie vizuri.) Lilikuwapo hata zoezi la kulala chali kwenye nyasi na kuambiana jinsi siku ilivyo nzuri. Sheria yake alisema ni moja, ile ya Mathayo 7:12, kumtendea mwenzako kama upendavyo kutendewa.

Alistaafu akiwa ameshinda mechi 489, amepoteza 138 na kutoka sare 11, na hakuna kocha wa vyuo nchini humo aliyewahi kufikia ushindi huo. Hata hivyo nisingependa tuigeuze hesabu hiyo kuwa ahadi kwamba mnyenyekevu hushinda, kwani wapo makocha wapole waliofungwa msimu mzima.

Wamonaki wa Collegeville huishi kwa Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ileile inayofuatwa na monasteri za Peramiho na Ndanda, Tanzania. Sura yake ya 3 inamtaka abate, yaani mkuu wa monasteri, awaite ndugu wote kwenye shauri, kwa sababu mara nyingi Bwana humfunulia aliye mdogo lililo bora, na sura ya 64 inamtaka atafute kupendwa kuliko kuogopwa. Sidai kwamba Gagliardi aliyatoa huko. Aliyaanza Trinidad akiwa kijana. Lakini wenyeji wake walimwachia nafasi kwa misimu 60, nami naamini waliitambua sauti waliyoizoea.

Linabaki jambo moja gumu. Hakumwondoa kikosini kijana yeyote aliyetaka kucheza, hivyo mara nyingi alikuwa na wachezaji zaidi ya 150, ilhali wanaoingia uwanjani kwa wakati mmoja ni 11. Wapo waliofanya mazoezi miaka yote ya chuo wakacheza dakika chache tu. Kiongozi wa kwaya anayempokea kila aombaye analijua tatizo hilo, hasa ifikapo zamu ya kuimba peke yake. Kwa maoni yangu Gagliardi hakulitatua. Alichagua kulibeba kuliko kumfukuza mtu.