Jinsi nilivyoifufua zamu ya sita

Kila anayeyaona madaftari yangu ya besiboli, ninamoandika kila mpigaji alifanya nini, ananishauri niyatupe, eti kila kitu kipo intaneti. Kwa ligi kuu ya Marekani sibishi sana. Watu wa kujitolea wa Retrosheet wanakusanya rekodi za mechi za zamani, mpigaji mmoja baada ya mwingine, tangu 1989. Lakini wamezipata wapi? Nyingi zimetoka kwenye karatasi za waandishi wa habari, timu, na mashabiki waliokuwa na penseli mkononi. Na mimi Jumapili za kiangazi siendi ligi kuu. Naenda viwanja vya miji midogo hapa Minnesota, wanakocheza mafundi bomba na walimu. Kiingilio dola chache tu, soseji ndizo zinazokumaliza. Mechi hizo usipoziandika wewe, ndiyo basi.

Nimekuwa karani wa ghala tangu Mombasa, kwa hiyo daftari nililielewa kabla sijauelewa mchezo. Kila mchezaji ana nambari ya nafasi yake: mrushaji 1, mdakaji 2, mlinzi wa besi ya kwanza (besi ni vituo ambavyo mpigaji hukimbilia) 3, na kuendelea hadi 9. Ukisoma 6-4-3 unajua mpira ulipitia wapi na kwamba, mara nyingi, wawili wametolewa kwa mpigo mmoja. K ni aliyetolewa kwa straiki tatu, yaani mitupo inayohesabiwa dhidi yake. K iliyogeuzwa ni aliyeiangalia ya tatu ikipita bila kuzungusha gongo.

Sasa, kuna mkongwe mmoja uwanjani aliyeniambia penseli ni ya watoto, niandike kwa kalamu ya jeli ipendeze. Ikapendeza kweli, mpaka mechi ya mwisho ya msimu mvua ilipotunyeshea. Nilipofungua daftari nyumbani, zamu ya sita ya wenyeji kupiga (zamu huisha wakishatolewa watatu) ilikuwa doa la bluu. Penseli isingefanya hivyo! Mkongwe akasema, "Bwana karani, zamu moja tu, achana nayo." Karani gani anaacha safu tupu?

Nilianza na hesabu. Wapigaji huingia kwa mpangilio usiobadilika, 1 hadi 9, kisha mwanzo tena. Zamu ya tano ilifungwa na mpigaji wa nne kutolewa, na ya saba ilifunguliwa na wa tatu. Kwa hiyo katika ya sita waliingia wa 5, 6, 7, 8, 9, 1 na 2: watu saba. Au kumi na sita, kama orodha yote ya tisa ilizunguka mara moja zaidi. Hapo ndipo kanuni ninayoipenda kuliko soseji inapoingia: kila aliyeingia kupiga lazima awe ametolewa, amefunga (amezunguka besi zote na kupata alama), au ameachwa kwenye besi. Jaribu kwa mechi ya Don Larsen, mrushaji wa Yankees, tarehe 8 Oktoba 1956. Wapinzani wake, Brooklyn, waliingia 27, wakatolewa 27, hakuna aliyefunga wala kuachwa. Mimi nilijua jumla ya alama za wenyeji ilikuwa sita na zamu nyingine zilikuwa na nne, kwa hiyo hapa palikuwa na mbili. Kutolewa watatu, kufunga wawili, kuachwa hawazidi watatu: nane ndiyo kikomo. Kumi na sita haiwezekani. Ni saba, na walioachwa ni wawili.

Nilitembea jikoni nikijipongeza kwa sauti.

Lakini nani alifanya nini? Hapo nikakumbuka kwamba mkono wangu ni mzito, wa kuandikia stakabadhi zenye nakala tatu. Ukurasa wa chini ulikuwa mweupe, haujaandikwa. Nikalaza penseli ubavu, nikaupaka taratibu, taratibu sana, na mikwaruzo ikaanza kutokea. Mpigaji wa tano, besi moja kwa pigo lake. Wa sita, amepewa besi bure. Wa saba, 6-4-3, wawili nje. Wa nane, bure tena. Wa tisa, E5. Wa kwanza, besi moja. Wa pili, K iliyogeuzwa. Nikajumlisha: watatu nje, wa tano na wa nane wamefunga, wa tisa na wa kwanza wameachwa. Imekaa sawasawa kama leja ya mwisho wa mwezi.

E5 ni kosa la mlinzi wa besi ya tatu, na kwa kuwa wawili walikuwa wameshatoka, bila kosa hilo zamu ingeishia hapo, kwa hiyo mrushaji hadaiwi hata alama moja kati ya zile mbili. Tatizo ni kwamba yule mpigaji wa tisa nafanya naye kazi ghala moja. Anasema alipiga mpira safi, mlinzi asingeweza kuuzuia, na kwamba nimempunguzia wastani wake wa kupiga. Kila chakula cha mchana ananikumbusha: "Mzee, badilisha hiyo." Sibadilishi. Safari hii nimeiandika kwa penseli, lakini kifutio sina.