Barafu Inakauka, Mzee, Haiyeyuki

Kambi ya Barafu ya Mlima Kilimanjaro haina barafu. Ina mawe, vyoo, upepo, na kunguru wenye shingo nyeupe wanaojua kufungua zipu za mabegi kuliko baadhi ya wageni. Kila kundi ninalolipandisha kwa njia ya Machame huniuliza jina lilitoka wapi, nami hujibu kwa sentensi moja kisha nahamia kwenye supu. Mita 4,673 si mahali pa kuanzisha mjadala. Watu vichwa vinawagonga, na saa tano usiku tunawaamsha kwenda kileleni.

Septemba iliyopita nikakutana na mtu ambaye supu haikumtosha. Mzee wa Texas, mhandisi mstaafu, umri wake wote kwenye visima vya mafuta. Mtu mzuri, sitaki mnielewe vibaya. Siku ya pili tu alishajua majina ya wagumu, yaani wapagazi wetu, wote kumi na wawili, na alikuwa anatembea pole pole bila kuambiwa. Tukiwa kwenye hema la chakula akaniuliza: "Kwa nini mnawaambia watu kwamba barafu yenu inayeyushwa na joto la dunia?"

Nikamjibu kwa kujiamini kabisa kwamba ni kwa sababu dunia imepata joto.

Akaweka kikombe chini. "Wastani wa joto kule juu ni nyuzi 7 chini ya sifuri. Barafu inayeyuka kwenye nyuzi ngapi, kijana?"

Nina miaka arobaini na moja na watoto watatu, lakini pale nilikuwa kijana kweli. Sikuwa na la kusema. Naye hakuwa amemaliza. Akanikumbusha filamu ya mwanasiasa wa Marekani Al Gore ya mwaka 2006 kuhusu joto la dunia, iliyoonyesha picha za mlima wetu, na jinsi mwaka 2007 jaji wa Mahakama Kuu kule London alivyoitaja Kilimanjaro kati ya mambo tisa aliyoyaona yana kasoro kwenye filamu hiyo. Halafu akamalizia na Lonnie Thompson, yule mtafiti wa Ohio aliyechimba barafu yetu mwaka 2000 na kuandika miaka miwili baadaye kwamba itakwisha kati ya 2015 na 2020. "Kesho asubuhi," akasema, "utanionyesha barafu ambayo haipo?"

Nikamwongezea chai.

Asubuhi nikamwonyesha. Jua lilipochomoza tulikuwa tunakaribia Stella Point, ukingoni mwa kreta, na mkono wa kushoto Barafu ya Rebmann ikawaka rangi ya chungwa kama kawaida yake. Akapiga picha, akalia kidogo (wengi hulia, ni urefu ule), akanikumbatia. Hakunisimanga. Lakini mimi nilishuka na lile swali lake tumboni hadi geti la Mweka, na nikakaa nalo wiki nzima nyumbani.

Jibu nililipata jikoni. Mke wangu anauza barafu za ukwaju, zile za kwenye vifuko vya nailoni. Kifuko kimoja kilikuwa kimepasuka na kusahaulika chini kabisa ndani ya friza tangu shule zifungwe. Nilipokitoa, barafu yake ilikuwa imebaki nusu, imechongoka pembeni. Friza haikuzimika, hakukuwa na tone la maji chini. Ile nusu nyingine ilienda wapi? Ilikauka. Iligeuka mvuke moja kwa moja bila kupitia kwenye maji, kama nyama isiyofunikwa inavyokauka kwenye friza.

Ndicho kinachotokea sehemu kubwa kule juu. Nilirudi kwenye makaratasi ambayo wageni watafiti wameniachia miaka yote hii na mimi nikayaweka kabatini, nikayasoma kwa mara ya kwanza kama mtu mzima. Wapo wanasayansi, Philip Mote na Georg Kaser, walioandika mwaka 2007 hivyo hivyo kwamba Kilimanjaro ni mfano mbaya wa barafu inayoyeyushwa na hewa ya joto. Zile kuta za barafu zilizosimama wima pale kwenye kreta zinaliwa na jua na ukavu. Theluji mpya ikianguka ni kama shuka jeupe, inarudisha mwanga angani na barafu iliyo chini inapona. Theluji isipoanguka, barafu inachafuka, inakuwa ya kijivu, inavuta jua. Chini yake kuna mchanga mweusi wa volkano unaopata moto mchana kuliko unavyofikiria. Kwa hiyo tatizo kubwa la mlima ni njaa: mvua za kuulisha zimepungua.

Na njaa hiyo ilianza zamani. Hapa Mzee wa Texas angefurahi. Hans Meyer alifika kileleni mwaka 1889, na aliporudi 1898 alikuta barafu imeshapungua. Gari halijafika Moshi! Ukanda wetu ulianza kukauka karibu mwaka 1880, hata Ziwa Victoria lilishuka miaka ile. Kwa vipimo vya 1912, barafu ilikuwa na ukubwa wa kilomita za mraba 12 hivi. Mwaka 2011 zilibaki chini ya mbili. Sehemu kubwa ya hasara hiyo ilitokea kabla moshi wa viwanda haujawa mwingi kama leo.

Nakiri hayo yote. Nimeamua kuanzia sasa nitayakiri mwenyewe kabla sijaulizwa, maana nimegundua kosa langu lilikuwa wapi: nilichukua kesi ya dunia nzima nikaitundika kwenye mlima mmoja, tena mlima wenye tabia zake. Mtu akiung'oa msumari huo, kesi yote inaanguka chini, wakati ushahidi wenyewe hata haukai hapa.

Ushahidi uko kwenye hewa. Mwanasayansi Charles Keeling alianza kupima hewa ukaa kule Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, akapata sehemu kama 315 katika kila milioni. Leo zimepita 420, na kabla ya viwanda zilikuwa kama 280. Unaweza kuniuliza, kama Mzee alivyoniuliza tukishuka, kama hiyo si kazi ya volkano, maana alinusa salfa inayotoka kwenye kreta ya Reusch na anajua volkano ya Ol Doinyo Lengai haiko mbali. Swali zuri, nilibeba na hilo pia. Volkano zote za dunia kwa mwaka hazitoi hata sehemu moja ya mia ya kile binadamu wanachotoa. Na kaboni ina alama. Mti, ng'ombe, mimi na wewe, tuna kaboni-14 kidogo mwilini, aina ya kaboni inayopotea polepole kadiri miaka inavyopita. Mafuta na makaa ya mawe yamefukiwa mamilioni ya miaka, kaboni-14 yake imeshaisha. Hewa ukaa ya angani imekuwa ikipungukiwa na alama hiyo, sawasawa na vile ungetegemea kama inayoongezeka imetoka kwenye visima. Visima vyake yeye, kwa kweli, ingawa hilo sikumwambia.

Na jua? Kama jua lingekuwa ndilo limeongeza moto, anga lote lingepata joto, juu na chini. Vipimo vinaonyesha chini kumepata joto na stratosfia, tabaka la hewa la huko juu, imepoa. Ni kama blanketi: aliyejifunika anatokwa jasho, na upande wa nje wa blanketi unabaki baridi. Mimi nalala kwenye hema usiku mia moja kwa mwaka, mfano huo naujua kwa ngozi.

Sasa turudi mlimani, maana sijauacha. Yule Thompson aliyekosea tarehe alileta kitu kingine ambacho sioni watu wa upande wa Mzee wakikigusa. Kwenye barafu aliyochimba, dalili za kuyeyuka na kuganda tena, vile viputo vilivyovutika kuwa virefu, alizikuta tabaka la juu kabisa tu, si chini. Yeye anasema barafu ile ina miaka zaidi ya elfu kumi na moja. Wenzake wengine wanabisha, wanasema huenda ni changa zaidi na iliwahi kuja na kuondoka. Sawa, wabishane. Lakini hata mimi nisiye na shahada nimeona: nilipoanza kubeba mizigo, Furtwängler, ile barafu ya pale kreta, ilikuwa ukuta mmoja ambao ulikuwa unainua shingo kuutazama. Imegawanyika. Na miaka ya karibuni kuna mchana ambapo vidimbwi vinakaa mbele yake, maji kabisa, unayakanyaga. Ukavu ulianza kazi, na sasa joto limekuja kusaidia.

Jumapili nikaenda kwa baba mdogo, kihambani Machame, kumjaribia hoja zangu mpya. Ni mtu wa miaka sabini na tisa. Tulikuwa na mbege, na watu wengine wanne ambao walikuwa wamekuja kwa ajili ya mbege tu. Nikaeleza friza, nikaeleza Keeling. Baba mdogo akasikiliza mpaka mwisho, akapitisha kata, akasema:

"Hayo ya Hawaii sijui. Mimi najua mfongo wetu, mfereji wa maji ya shambani, ulikauka walipokata miti kule juu."

Wale wanne wakaitikia. Hapo ndipo mjadala wa kweli ulianza, na nawaambieni ulikuwa mgumu kuliko wa Texas. Maana baba mdogo ana haki nusu. Maji ya mito yetu na mifongo kwa sehemu kubwa hayatoki kwenye barafu, yanatoka msituni. Miti mirefu iliyofunikwa na kuvu-ndevu inakamata ukungu na kuudondosha kama mvua. Moto umekula sehemu kubwa ya msitu wa juu. Ule wa Oktoba 2020 tuliuona wote usiku, mstari mwekundu juu ya mlima siku baada ya siku. Mtu anayemwambia mkulima wa Machame kwamba mfongo wake umekauka kwa sababu ya barafu, anamdanganya, na mimi nimewahi kumdanganya hivyo.

Lakini miti haijibu swali la kileleni. Watafiti walijaribu kupima ni kiasi gani kukatwa kwa msitu kumechangia kupungua kwa barafu, wakakuta mchango wake ni mdogo. Theluji ya Kibo inaletwa na unyevu wa Bahari ya Hindi, na bahari hiyo imepata joto na kubadilisha namna inavyotugawia mvua. Na Rwenzori je? Na Mlima Kenya? Barafu zao zinakwisha pia, na hao hawakukata miti ya Machame.

"Kwa hiyo wazungu wamechoma mafuta, sisi tunakosa theluji," akasema mmoja wa wale wanne.

"Na miti tumekata wenyewe," baba mdogo akamjibu kabla yangu.

Nikawasimulia habari ya Rebmann, maana mbege ilikuwa bado ipo. Mei 1848 mmisionari huyo aliuona mlima kwa mbali, akamuuliza kiongozi wake kile cheupe ni nini. Kiongozi hakuwa na jina lake, akasema anadhani ni baridi. Rebmann akaandika Ulaya kwamba kuna theluji karibu na ikweta, na msomi mmoja wa London, Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga huku, akabisha kwa miaka kwamba haiwezekani. Theluji yetu ilianza kubishiwa siku ile ile ilipoandikwa. Kilichonivutia ni yule kiongozi. Hakujua, akasema anachodhani, akaishia hapo. Mimi nilipewa swali lile lile kwenye hema, nikajibu kama Cooley.

Baba mdogo alitaka kujua kama kiongozi alilipwa vizuri. Sikuwa na jibu.

Alhamisi ijayo napanda na Wajerumani wanane. Mmoja ameshaniandikia kuuliza kama atakuta theluji bado. Nimemwambia alete miwani ya jua.