Prado asubuhi, Datsun jioni
Asubuhi niliendesha Prado mpya ya shemeji hadi Likasi na kurudi Lubumbashi. Kiyoyozi, kamera ya nyuma, usingizi. Sina la kuongeza.

Jioni mjomba akanirushia ufunguo wa Datsun 240Z yake ya 1972. Jamani! Unavuta choki, kabureta mbili zinakohoa, halafu silinda 6 zinaunguruma hadi kwenye mifupa. Usukani hauna pawa. Kuipaki tu jasho lilinitoka. Tena umekaa chini mno, mwenye baiskeli anakuchungulia kama uko shimoni.

Hizi ndizo zilishinda Safari Rally 1971 na 1973, lakini kwenye mashimo ya Katuba nilitambaa kama konokono, mjomba pembeni akilia: "Polepole, mpwa wangu, bomba la moshi hilo!"

Shati bado linanuka petroli. Sijalifua.