Angekuwa bingwa

Lubumbashi, Jumapili usiku

Leo alasiri mtoto wa kaka yangu, aliyetimiza miaka 16 mwezi uliopita, amepigana pambano lake la tano huko Katuba na kumwangusha mpinzani wake kabla dakika ya kwanza haijaisha. Watu walipanda juu ya viti vya plastiki, mama mmoja muuza karanga akaacha sinia lake limwagike, na mzee aliyekuwa nyuma yangu akapaza sauti kwamba Lubumbashi imempata Kalambay mwingine, akimaanisha bondia wa hapa aliyewahi kuwa bingwa wa dunia. Nami nilipiga kelele mpaka koo likanikauka. Nilipogeuka kumtafuta kaka yangu ili tukumbatiane, nilimkuta ameketi vilevile kwenye kona ya ulingo, ndoo ya maji katikati ya magoti yake, akimtazama mwanawe kama mtu anayesoma barua ya deni.

Sura ile haijanitoka tangu tuliporudi. Umeme umekatika, nyumba imelala, na simu imebakiza chaji ya kutosha kuandika jambo ambalo nimelizunguka kwa zaidi ya miaka 20 bila kulisema: kaka yangu alikuwa bondia ambaye mtaa mzima ulisema angekuwa bingwa, hakuwa, na mimi ni mmoja wa waliomharibia.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 alikuwa na umri wa miaka 19, kilo 63, na mkono wa kulia ambao wenzake waliuita nyundo. Tulifanyia mazoezi Kenya (kwa msomaji wa mbali nieleze kwamba Kenya ni komini ya hapa mjini, wala si nchi), ndani ya ukumbi uliokuwa ghala zamani, penye gunia lililojazwa matambara na vumbi la mbao, tairi moja la lori, na jozi nne za glovu zilizonuka kiasi kwamba mama alikataza zisivuke kizingiti cha nyumba yetu. Kaka alishinda mapambano 14 mfululizo. Kila Jumamosi watu walikuja kumtazama hata akiwa mazoezini, wakatoa faranga zao mlangoni, na hapo ndipo ubaya ulipoanzia, ingawa wakati ule tuliuita baraka. Mtu aliyelipa hataki kumwona nyota wake akipigwa. Basi kocha wetu, mzee mwema ambaye simdhanii roho mbaya, akawa anampangia vijana wepesi kuliko yeye, au wale ambao tayari walikuwa wanamwogopa.

Mimi mwenyewe, nikiwa na kilo 57, nilipigana naye mazoezini mara tatu kwa wiki. Nilijua kwamba kila anaporusha ule mkono wa kulia, kiwiko kinapaa kabla ya ngumi kutoka, na ubavu unabaki wazi kama duka lisilo na mlango. Niliuona upenyo ule labda mara mia, na sikuwahi kuuingia hata mara moja, kwa sababu alikuwa kaka yangu, kwa sababu watu walikuwa wanatazama, na kwa sababu anayempiga nyota wa mtaa hujitafutia maneno ya mtaa.

Kulikuwa na chama fulani kilichomwahidi safari ya Kinshasa kwa ajili ya mapambano ya uteuzi. Alisubiri tiketi miezi mitatu, haikufika. Sitaki kulirefusha hilo, maana kila mwanamichezo wa huku ana hadithi yake ya tiketi. Badala ya safari aliletewa kijana mwembamba kutoka Likasi ambaye hapakuwa na aliyemjua na ambaye, kama tulivyokuja kusikia baadaye, alikuwa ameshashindwa mara tano.

Mimi ndiye niliyeshika ndoo siku hiyo. Katika raundi ya pili kaka alirusha mkono wa kulia, yule kijana akainama kidogo pembeni, akamchoma ngumi fupi ya kushoto chini ya mbavu za kulia, mahali lilipo ini. Ngumi ya kidevu huzima taa, na aliyepigwa mara nyingi hakumbuki kitu. Ngumi ya ini huziacha taa zote zikiwaka. Kwanza halitokei lolote: kaka alipiga hatua mbili, akarusha ngumi moja zaidi, nami nikashusha pumzi nikidhani yamepita. Kisha uso wake ukabadilika rangi, akapiga goti taratibu kama mtu aliyeangusha funguo, akabaki pale akivitazama vidole vya mwamuzi vikihesabu mbele ya macho yake mpaka kumi. Alinieleza usiku ule, tukiwa tumelala chumba kimoja: "Kichwa kilisema simama. Miguu ilikuwa imeshalala."

Hapakuwa na daktari aliyemkataza kurudi. Alirudi ukumbini mara mbili, akakuta watu wa Jumamosi wameacha kuja, akachukua kazi ya utingo kwenye malori ya Kasumbalesa. Leo ana lori lake mwenyewe, anajenga, amesomesha, na bado akipita Katuba wapo wanaotikisa kichwa na kusema, maskini, huyu angekuwa bingwa.

Tangu hapo nimekuwa na ugonjwa wa kusoma habari za mabondia wa namna yake, na ninayemrudia zaidi ni Howard Davis Jr. Katika Olimpiki ya Montreal ya mwaka 1976 Marekani ilipata dhahabu tano za ndondi, zilizochukuliwa na Leo Randolph, Sugar Ray Leonard, ndugu wawili Michael na Leon Spinks, na Davis. Kombe la Val Barker, ambalo hupewa bondia bora wa mashindano yote, halikwenda kwa Leonard bali kwa Davis, kijana wa miaka 20 aliyefiwa na mama yake siku chache tu kabla ya kuanza kupigana. Wale wanne wengine wote walikuja kuwa mabingwa wa dunia katika ndondi za kulipwa. Yeye peke yake hakuwa. Ndondi za ridhaa za wakati ule zilikuwa raundi tatu za dakika tatu, na ndani ya dakika hizo tisa mikono yake ilikuwa na kasi ambayo macho yalishindwa kuifuata. Lakini Jim Watt, bingwa wa dunia wa wakati ule, alipompokea Glasgow mwaka 1980 kuutetea mkanda wake, alikuwa na raundi 15 za kumsubiri, akamshinda kwa pointi. Mwaka 1984 huko Puerto Rico alikuwa anakaribiana na bingwa mwingine, Edwin Rosario, kiasi kwamba majaji waligawanyika, ila sekunde za mwisho za raundi ya mwisho Rosario alimwangusha, na pambano likaenda na anguko hilo. Nafasi ya tatu ilikuja mwaka 1988, akiwa amechelewa tayari, na Buddy McGirt aliimaliza katika raundi ya kwanza. Davis alifariki mwaka 2015, akiwa ameshinda mapambano 36 ya kulipwa. Mapambano 36! Kwa mtu ambaye hakuwa na Montreal nyuma yake tungeiita hiyo kazi ya heshima, lakini yeye tunamtaja kwa sauti ya msibani.

Mark Breland naye, ambaye katika ridhaa alishindwa mara moja tu kati ya mapambano 111 na kuchukua dhahabu ya Los Angeles mwaka 1984, aliupata mkanda wa WBA (mojawapo ya vyama vinavyotoa ubingwa wa dunia) mara mbili, na bado wapo wanaomweka kwenye orodha ya waliotuangusha. Sijui mtu huyo alidaiwa kiasi gani.

Audley Harrison ndiye ninayemwonea haya, kwa sababu nilimcheka. Baada ya dhahabu ya uzito wa juu kabisa ya Sydney mwaka 2000, BBC ya Uingereza iliahidi pauni milioni 1 ili ionyeshe mapambano yake 10 ya mwanzo, akaletewa wapinzani ambao hata mtazamaji wa kawaida aliona wamechaguliwa waanguke. Danny Williams alipomshinda mwaka 2005, na David Haye alipomsimamisha katika raundi ya tatu mjini Manchester mwaka 2010, watu waliuliza ujasiri wake umekwenda wapi. Katika pambano hilo la Haye alifikisha ngumi moja tu. Mimi sasa nauliza ni nani aliyemfundisha kupigwa, na lini. Zile zilikuwa Jumamosi zetu za Kenya, ila zenye kamera.

Yule mzee wa Katuba alimtaja Kalambay, na nashuku kwamba hakujua alichokuwa anakisema. Watu wa nchi hii wakianza kuzungumza ndondi huanza na Kinshasa, Ali na Foreman, tarehe 30 Oktoba 1974, wakati mmoja wa mabingwa wa dunia alizaliwa hapa hapa Lubumbashi mwaka 1956 na vijana wengi wa leo hawajui. Sumbu Kalambay alihamia Italia, akaanza ndondi za kulipwa huko mwaka 1980, na kwa miaka mingi hakuwa nyota wa mtu yeyote. Mwaka 1985 Ayub Kalule wa Uganda alimshinda mjini Ancona, nyumbani kwake kabisa, wakigombea mkanda wa Ulaya. Mwaka 1987 ndipo alipokwenda London kumshinda Herol Graham, ambaye hakuwahi kushindwa, na Oktoba ya mwaka huohuo akamshinda Iran Barkley huko Livorno na kuwa bingwa wa dunia wa WBA wa uzito wa kati, akiwa na miaka 31. Machi 1988 alimfunza adabu Mike McCallum, ambaye naye hakuwahi kushindwa. Mwaka mmoja baadaye, huko Las Vegas, Michael Nunn alimlaza kwa ngumi moja ya kushoto katika sekunde ya 88, na hata hilo halikummaliza, kwani alirudi kupigania mikanda mingine. Ukitaka wa karibu zaidi, Ilunga Makabu aliangushwa katika raundi ya kwanza ya pambano lake la kwanza kabisa la kulipwa mwaka 2008, halafu Januari 2020, pale Kinshasa, akawa bingwa wa dunia wa WBC, chama kingine cha aina ya WBA.

Sisemi kwamba kushindwa mapema ni dawa. Yule kijana wa Likasi alishindwa mara tano kabla ya kumpiga kaka, na baada yake hatukusikia tena habari zake. Nasema tu kwamba Kalule alimwonyesha Kalambay kitu ambacho hakuna aliyethubutu kumwonyesha kaka yangu, na niliyekuwa karibu zaidi, mwenye macho ya kukiona, nilikuwa mimi.

Jioni, baada ya bukari (ugali wetu), kaka alikaa kwenye ngazi akimfungua mwanawe bendeji za mikono. Anazifungua polepole, anaanzia kwenye kifundo, anazikunja kadiri zinavyotoka ili zisiguse chini, vilevile kama alivyofunguliwa yeye na yule kocha wetu mzee. Kijana alikuwa bado anawaka. Aliniuliza:

"Baba mdogo, umeniona?"

"Nimekuona," nilimjibu. Nilikuwa nimeandaa sifa. Badala yake mdomo ulisema: "Ulipopiga ya kulia, kiwiko kilipaa."

Akacheka, akadhani ni utani. Kaka hakucheka. Aliacha kukunja, akanitazama kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu, na kwa sauti ndogo ambayo kijana hakuitilia maanani akauliza:

"Na changu, ulikiona?"

"Nilikiona, yaya," nilimjibu; kwetu yaya ni kaka mkubwa.

Aliitikia kwa kichwa, akarudi kwenye bendeji. Alimaliza mkono wa kulia, akahamia wa kushoto, akazitumbukiza zote mbili ndani ya beseni la sabuni. Alipokuwa anazikamua ndipo aliposema, bila kunitazama, kwamba kesho saa kumi jioni niende ukumbini, nisije na ndoo, nije na glovu, nisimame mbele ya kijana, na kila kiwiko kitakapopaa niingie.

"Polepole," alisema. "Lakini aisikie."

Nina miaka 41 na kilo 84. Glovu nimezipata chini ya kitanda, na kamba ya ile ya kushoto imekatika.